Bangi Hailindi Viungo Vyako

Huenda umeshauriwa kutumia bangi utulize maumivu ya baridi yabisi. Fahamu haya kwanza. Mwaka 2006, madaktari nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la dawa ya kupuliza mdomoni iliyotengenezwa kwa bangi. Wagonjwa walikuwa 58. Maumivu yalipungua kidogo, usingizi ukawa bora. Lakini jaribio lilidumu wiki 5 tu.

Kupungua kwa maumivu si kupona. Kiungo chaweza kuendelea kuliwa ndani kwa ndani nawe hujui. Dawa kama methotrekseti ndizo huzuia uharibifu huo, kwa hivyo usiziache. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inakataza bangi.

Vidole vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, muone daktari mapema.