Kuzuia Damu Kuganda kwa Mgonjwa Asiyeweza Kutembea Baada ya Upasuaji

Mgonjwa aweza kuvuka salama upasuaji mkubwa, kidonda kikaanza kupona, kisha siku chache baadaye akabanwa pumzi ghafla. Sababu mojawapo ni bonge la damu lililoganda katika vena za ndani za mguu, likang'oka na kuziba mishipa ya mapafu. Hali hii huweza kuua, lakini mara nyingi huzuilika.

Damu huganda mishipani kwa sababu kuu tatu: mwendo wake kupungua, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Upasuaji huweza kuzileta zote tatu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya kigimbi, ambayo huikamua vena kila mtu anapokanyaga. Misuli hiyo ikitulia, damu hutuama.

Kwa hiyo muuguzi huanza na mwendo. Mgonjwa aliye macho huelekezwa kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu mara kadhaa kila saa. Asiyeweza hufanyiwa na muuguzi. Hupewa dawa ya maumivu mapema ili aweze kuketi, kusimama na kutembea mara tu daktari anaporuhusu. Mto hauwekwi chini ya magoti, kwa kuwa huweza kubana mishipa. Maji ya kutosha hutolewa pale yanaporuhusiwa.

Soksi za kubana huchaguliwa kwa kupima mguu, na huvuliwa kila siku ili ngozi ikaguliwe. Hazimfai mgonjwa ambaye damu haifiki vizuri miguuni. Sindano ya heparini ikiagizwa, hutolewa kwa saa zake, na muuguzi huangalia dalili za kutoka damu. Mahali palipochomwa hapasuguliwi.

Ndugu wanaomwuguza mgonjwa wafundishwe jambo moja kubwa: mguu mmoja ukivimba, ukiuma au ukiwa na joto, usikandwe wala kuchuliwa, kwani bonge laweza kung'oka. Muuguzi aarifiwe mara moja. Kubanwa pumzi, maumivu ya kifua au kukohoa damu ni dharura.

Hatari haiishii wodini. Huendelea kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aruhusiwapo, aende nyumbani akizijua dalili hizi, aendelee kutembea, na amalize dawa alizoandikiwa.