Duka la Dawa Muhimu: Somo Lililoanzia Ruvuma

Maneno "Duka la Dawa Muhimu" husomeka leo mbele ya maduka mengi nchini. Si kila mkazi afahamuye kwamba mpango huo ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003.

Kabla ya hapo palikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Hata hivyo, mgonjwa aliyekosa dawa zahanati, na famasi ikiwa mbali, alikimbilia huko. Viuavijasumu vikauzwa kinyume cha sheria, mara nyingi bila dozi kamili. Kuyafunga maduka hayo kungewanyima wananchi dawa. Kuyaacha yalivyo kungehatarisha maisha yao.

Iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilifuata njia ya tatu. Duka lilibaki mali ya mtu binafsi, lakini mmiliki alitakiwa kutimiza masharti ya jengo, utunzaji wa dawa na kumbukumbu za mauzo. Mtoa dawa alipewa mafunzo. Ndipo duka likaruhusiwa kuuza pia baadhi ya dawa za cheti zilizoorodheshwa, chini ya ukaguzi. Mpango ulienezwa nchini kote, na sasa maduka hayo yako chini ya Baraza la Famasi.

Vituo vya umma navyo hushirikiana na sekta binafsi. Bohari ya Dawa inapokosa dawa iliyoagizwa, kituo hununua kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara aliyeteuliwa kwa ushindani kuhudumia mkoa. Utaratibu huu, uitwao Jazia, ulianzia Dodoma mwaka 2014.

Somo ni hili: biashara binafsi huziba pengo la dawa pale tu inaposimamiwa, na mnunuzi ni sehemu ya usimamizi huo. Mkazi anunuapo dawa yampasa:

1. kuangalia kama kibali cha duka kimebandikwa mahali pa wazi;
2. kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi;
3. kuuliza dozi, kununua yote na kuimaliza, kwani dozi nusu huzaa usugu wa vimelea;
4. kudai risiti.

Duka si zahanati. Mtoto anayeshindwa kunyonya, mwenye degedege au anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya mara moja.