NYOTA INAYOTEMBEA
Fundisho kwa wanaoanza kuangalia satelaiti



Mwezi uliopita, kiisha chakula cha mangaribi, mdogo mmoja wa internat alinivuta mkono: "Yaya, kuya uone! Nyota iko inatembea!" Niliangalia mara moja tu, nikasema: "Ni droni." Neno lile moja likatosha. Bweni lote likakimbia, wengine wakaingia chini ya vitanda, na wadogo hawakulala usiku ule. Kesho yake mwalimu wa fizika aliniuliza maulizo matatu. Ilikuwa na taa ngapi? Ilitoka upande gani? Ilizimika wapi? Sikuweza kujibu hata moja. Mimi kapita nilisema bila kuangalia. Ndiyo sababu ninaandika fundisho hili.

1. Kwa nini inaonekana?
Satelaiti haina taa yake yenyewe; inaangazwa na jua, sawa na mwezi. Mangaribi, kivuli kinapokwisha kufunika mji wetu, milima ya ng'ambo ya ziwa, kule Rwanda, ingali na jua. Basi, satelaiti iko juu kupita milima yote. Kituo cha kimataifa cha anga, ambamo watu wanaishi kwa zamu tangu mwaka 2000, kinapita karibu kilomita 400 juu. Kwetu ni giza, kwake ni mchana bado.

2. Saa gani?
Hapa Bukavu jua linatua karibu saa kumi na mbili. Angalia tangu saa moja kasoro robo mpaka saa mbili hivi, ao alfajiri kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu. Katikati ya usiku zile za chini ziko ndani ya kivuli cha dunia. Zile za televisheni ziko mbali karibu kilomita 36 000. Macho matupu hayazioni.

3. Namna ya kutambua
a) Ndege: ina taa nyekundu na ya kijani, nyingine zinapepesa.
b) Kimondo: kinapita sekunde moja ao mbili, kwisha.
c) Taa za wavuvi wa sambaza: ziko chini kabisa, juu ya maji. Wageni wanadanganyika sana.
d) Satelaiti: nuru moja nyeupe, tulivu, bila sauti, inakata mbingu kwa dakika chache. Kituo cha anga kinatoka upande wa magharibi, kinaenda mashariki, na mara nyingi kinapita nyota zote kwa mwangaza. Kikififia katikati ya mbingu, hakikuanguka: kimeingia katika kivuli cha dunia.
e) Taa nyingi zinazofuatana kwa mstari: ni satelaiti za Starlink, siku chache tu kiisha kurushwa. Za namna hiyo, 60 pamoja, zilirushwa Mei 2019. Si jeshi, wala si ishara ya mwisho wa dunia.

Angalisho: satelaiti haisimami, haigeuki, hainguruме. Ukiona taa inafanya hivyo, si satelaiti. Ingia ndani na umwambie mwalimu, usipige kelele.

4. Jina lake
Jina halipatikani kwa kubahatisha. Andika tarehe, saa, upande ilipotoka na mahali ilipozimika. Kiisha, mwenye telefone alinganishe na ratiba ya Heavens-Above, akitaja mahali petu: digrii 2 na nusu kusini, karibu 29 mashariki.

Juma lililopita nilisimama uwanjani na mdogo yule yule, ratiba mkononi. Kituo kikatokea kwa dakika iliyoandikwa. Alikifuata kwa kidole mpaka kikafifia. "Imeingia mu kivuli," akasema, akaenda kulala.

Maulizo: (1) Kwa nini hatuoni kituo cha anga saa sita ya usiku? (2) Leo mangaribi angalia saa moja nzima. Uliona nuru ngapi, na kila moja ilizimika wapi?