Maswali na Majibu: Bastola ya Kificho Ofisini

Marudio ya Elimu ya Uraia. Eneo la mfano: mji wa Bunia, Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Tazama kitenzi: taja, eleza, tofautisha, jadili. Anayeambiwa "taja" akajaza ukurasa hupoteza muda. Anayeambiwa "jadili" akataja tu hupoteza alama.

1. Eleza maana ya: (a) silaha ndogo, (b) bastola, (c) kubeba kwa kificho. (alama 3)

(a) Silaha ndogo ni silaha ya moto inayoweza kubebwa na kutumiwa na mtu mmoja.

(b) Bastola ni silaha ndogo yenye mtutu mfupi, inayoweza kushikwa na kufyatuliwa kwa mkono mmoja.

(c) Kubeba kwa kificho ni kutembea na silaha iliyofunikwa na nguo, mfuko au kitu kingine, hata mtu aliye karibu asiione.

Neno la lazima katika (c) ni "asiione". Ukiandika "kubeba kwa siri" unakatwa nusu alama. Siri huhusu nani anajua; kificho huhusu nani anaona. Bastola inaweza kujulikana na ofisi nzima na bado ikawa ya kificho.

2. Tofautisha kumiliki silaha na kubeba silaha. (alama 4)

Kumiliki silaha ni kuwa nayo kihalali mahali palipoidhinishwa, kwa kawaida nyumbani (alama 1). Kubeba silaha ni kutoka nayo mahali hapo na kutembea nayo mwilini au katika chombo cha usafiri (alama 1). Ruhusa ya kumiliki peke yake si ruhusa ya kubeba (alama 1). Karatasi za Serikali ya Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa, nazo zina maneno mawili: détention ni kumiliki, port ni kubeba (alama 1).

Mwenye karatasi ya détention anayekamatwa barabarani na bastola kiunoni hana utetezi katika karatasi hiyo. Kosa lake ni la kubeba.

3. Taja maandiko matatu ya sheria yanayogusa silaha mikononi mwa raia wa Kongo. (alama 3)

(i) Amri-sheria Na. 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, kuhusu utaratibu wa silaha na risasi.
(ii) Sheria Na. 023/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, Kanuni ya Mahakama za Kijeshi.
(iii) Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na silaha nyepesi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004.

Umeambiwa taja. Simama hapo.

4. Tofautisha silaha ya vita na silaha ya kujilinda, kisha onyesha umuhimu wa tofauti hiyo kwa raia wa Bunia. (alama 6)

Silaha ya vita ni silaha iliyoundwa kwa matumizi ya jeshi, mfano Kalashnikov (alama 1). Silaha ya kujilinda ni silaha ambayo mamlaka ya Serikali imemruhusu raia fulani kuwa nayo kwa ajili ya kulinda uhai wake (alama 1). Aina ya silaha haitegemei nia ya aliye nayo (alama 1). Anayesema "niliinunua ya kujilinda" hajaibadilisha aina.

Umuhimu wa kwanza ni mahakama. Sheria Na. 023/2002 inampeleka mbele ya mahakama ya kijeshi raia anayetenda kosa kwa silaha ya vita, ingawa hajawahi kuvaa sare (alama 1). Umuhimu wa pili ni wa Ituri na Kivu Kaskazini. Tarehe 6 Mei 2021 mikoa hiyo miwili iliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura. Ituri ikapewa gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama, na makosa ya jinai ya raia yakahamishiwa mahakama za kijeshi (alama 1). Umuhimu wa tatu ni asili ya silaha. Baada ya vita vya tangu 1999, bastola isiyo na karatasi mjini Bunia inaulizwa kwanza ilitoka mikononi mwa nani, na mwenye kuibeba ndiye anayetakiwa kujibu (alama 1).

5. "Bunia bila silaha zinazoonekana." Jadili kauli hii kwa kurejelea matukio ya 2003. (alama 10)

Hili ndilo swali la mada nzima. Lipe dakika nyingi kuliko mengine.

Chanzo (alama 3). Mwanzoni mwa Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka Bunia. Wanamgambo wa Kilendu na wa Kihema waliupigania mji, na kundi la Kihema la UPC, la Thomas Lubanga, likaushika. Mamia ya raia waliuawa. Maelfu wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484 na kuruhusu kikosi cha dharura. Umoja wa Ulaya ulikituma chini ya uongozi wa Ufaransa, kwa jina Artemis, na kamanda wake uwanjani alikuwa Jenerali Jean-Paul Thonier.

Amri (alama 2). Mwezi Juni kikosi kilitangaza kwamba Bunia ni mji usio na silaha zinazoonekana. Mwanamgambo aondoke mjini na bunduki yake, au asionekane nayo. Atakayeonekana nayo atanyang'anywa.

Tofauti inayopimwa (alama 3). "Isiyoonekana" si "isiyokuwepo". Amri ilihusu macho. Bunduki ziliondoka barabarani: nyingine zilitoka mjini, nyingine ziliingia chini ya vitanda na juu ya dari. Amri ya namna hiyo humkataza mtu kubeba wazi, na kificho hubaki bila jibu. Mtahiniwa anayeona hapa kwamba swali la 1(c) limerudi kwa sura ya mji mzima ameelewa mada.

Matokeo (alama 2). Maduka yalifunguliwa na watu wakaanza kurudi majumbani. Lakini jukumu la Artemis lilikuwa mji wa Bunia, na vijijini mauaji yaliendelea. Tarehe 1 Septemba 2003 kikosi kilikabidhi kazi kwa Brigedi ya Ituri ya MONUC (ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo), iliyopewa nguvu zaidi na azimio 1493 la tarehe 28 Julai, nayo ikaanza msako wa silaha zilizofichwa. Msako ulihitajika kwa sababu kutoonekana hakukutosha.

Tahadhari: usiandike kwamba Artemis ilinyang'anya silaha Ituri nzima. Kosa hilo hufuta alama zote mbili za matokeo.

6. Taja masharti ya kujilinda kihalali. (alama 5)

(i) Shambulio liwepo sasa hivi au liwe mlangoni. La jana halihesabiwi.
(ii) Shambulio liwe la dhuluma.
(iii) Liwe dhidi ya mtu, wewe au mwingine.
(iv) Pasiwe na njia nyingine ya kuepuka.
(v) Nguvu inayotumika ilingane na shambulio.

Tofautisha tishio na hofu. Tishio lina mtu, kitendo na wakati. Hofu inaweza kukosa vyote vitatu na bado ikamnyima mtu usingizi. Masharti ya kujilinda huanza na tishio. Bastola nyingi hununuliwa kwa sababu ya hofu.

7. Mhasibu wa ofisi moja karibu na Boulevard ya Libération huchukua fedha taslimu za mishahara benki kila mwisho wa mwezi. Shemeji yake, askari, amemshauri abebe bastola, naye yuko tayari kumwazima ya kwake. Mshauri mhasibu huyo. (alama 12)

Swali la kisa hujibiwa kwa hatua. Usianze na maoni yako kuhusu shemeji.

Hatua ya kwanza: karatasi (alama 2). Mhasibu hana ruhusa ya kumiliki wala ya kubeba. Bastola ya askari ni mali ya Serikali, imekabidhiwa askari huyo kwa kazi. Kuiazima ni kosa la wawili, na shemeji atashtakiwa kabla ya mhasibu kumaliza kujieleza.

Hatua ya pili: mwajiri (alama 2). Hata mwenye ruhusa ya Serikali hawezi kuingia na silaha mahali ambapo mwenye mahali amekataza. Ofisi za mashirika ya misaada Bunia hubandika langoni na kwenye milango ya magari picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Picha hiyo haina kifungu cha "isipokuwa wafanyakazi". Mlinzi wa kampuni binafsi anayesimama chini yake hana bunduki. Penye ulinzi wa bunduki, bunduki ni ya polisi.

Hatua ya tatu: mwili (alama 4). Watahiniwa hupita hapa mbio, kwa kuwa hakuna sheria ya kunukuu. Mfuate mhasibu kwa siku moja. Saa moja na nusu asubuhi anapanda pikipiki nyuma ya dereva, na abiria wa pili anapanda nyuma yake. Kitu kigumu kiunoni kinamgusa mtu asiyemjua, na kabla ya jioni kituo kizima cha pikipiki kina habari. Ofisini ananyoosha mkono kuchukua faili la rafu ya juu, shati linapanda. Saa nne anakwenda chooni, choo cha kuchuchumaa. Mkanda ukifunguliwa, bastola inawekwa wapi? Ikiwekwa sakafuni inaweza kusahauliwa. Ikiachwa kwenye droo ya meza, ufunguo wa pili wa droo uko kwa nani? Kila jibu ni alama moja, na hakuna jibu zuri.

Hatua ya nne: tishio lenyewe (alama 2). Majambazi wanaovizia mishahara huja zaidi ya mmoja, nao ndio wanaochagua dakika. Bastola iliyofunikwa huhitaji sekunde ambazo mhasibu hatapewa. Tena, Bunia imewahi kuona tishio ambalo bastola hailigusi kabisa: tarehe 4 Septemba 2020 wanamgambo wa CODECO wapatao mia moja waliingia mjini mchana na silaha zao, wakatembea mpaka gereza kuu wakidai wenzao wafunguliwe, na wakaondoka baada ya mazungumzo.

Hatua ya tano: njia nyingine (alama 2). Kulipa mishahara kwa benki au kwa simu, M-Pesa au Airtel Money. Pakiwa na ulazima wa fedha taslimu: kuomba polisi wa kusindikiza kwa barua rasmi, kubadilisha saa na njia, kutokwenda peke yake. Hatari inatokana na fedha. Fedha zikiondolewa mkononi, hatari inapungua bila risasi.

8. "Raia wenye bastola waliokoa watu Westgate." Toa hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga matumizi ya mfano huu Bunia. (alama 6)

Hoja ya kuunga mkono (alama 3). Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia duka kubwa la Westgate, Nairobi, na watu 67 waliuawa. Miongoni mwa waliowahi kuingia kuwatoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni, akiwemo Abdul Haji, wakishirikiana na polisi wachache wasiovaa sare. Mfano huu ni wa kweli na una uzito. Mtahiniwa anayeudharau hapati alama hizi tatu.

Hoja ya kupinga (alama 3). Raia wale walikuwa na leseni chini ya sheria ya silaha ya Kenya, na mhasibu wetu hana. Siku hiyo hiyo afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliokuja upande wake. Kama mwenye sare alidhaniwa adui, mtu wa shati na tai mwenye bastola mkononi atadhaniwa nani? Bunia pana jeshi la Kongo (FARDC), polisi, askari wa Umoja wa Mataifa na wanamgambo wa majina mengi, na wengi wao humjua adui kwa kuangalia nani ana silaha bila sare.

9. Taja wajibu mmoja wa nchi chini ya Itifaki ya Nairobi kuhusu raia na silaha. (alama 1)

Kuzuia raia kumiliki silaha ndogo bila udhibiti.

10. Je, mfanyakazi wa ofisi mjini Bunia abebe bastola ya kificho? Toa uamuzi na sababu moja. (alama 2)

Asibebe (alama 1). Lango la ofisi humlinda kwa sababu kila anayeingia hana silaha. Akiingia nayo, yeye ndiye wa kwanza kulitoboa (alama 1).

Swali limetaka sababu moja. Ya pili haisahihishwi.