SOMO LA MWEZI: MAJI YA MJI NA MISITU YA ULUGURU



Mwezi huu twapenda tujifunze jambo ambalo wengi wetu tukaao Dar es Salaam hatulifikirii ila siku bomba linapokauka. Sehemu kubwa ya maji yetu yatoka Mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyavuta, huyasafisha na kuyaleta mjini. Lakini mto hauanzii mitamboni. Waanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Upande wa mashariki wa milima hiyo hupata mvua nyingi mno, kwa kuwa mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga mlima na kutua mzigo wao. Mvua ikiangukia msitu, majani huipunguza nguvu, mboji huinyonya, na ardhi huiachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ikiangukia shamba tupu lenye mteremko mkali, hushuka siku ile ile pamoja na udongo. Ndipo mto hujaa tope wakati wa masika, na kiangazi hupungua mno. Tusizidishe maneno: miti nayo hunywa maji, na msitu hauumbi mvua. Kazi yake ni kuyachuja maji na kuyagawa kwa majira.

Kazi hiyo ina thamani ya fedha, ingawa haiandikwi katika ankara. Maji yakija na tope, mitambo hutumia dawa nyingi zaidi, vichujio huziba, mchanga hula pampu. Mto ukipungua, maji hutolewa kwa mgao, kama mwaka 2022, na mama wa nyumbani hununua dumu la mkokoteni kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya bomba. Nao mji wakua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mlima ni ule ule. Wako wanaotegemea bwawa la Kidunda limalize shida. Bwawa litafaa sana, lakini huhifadhi kile kinacholetwa na mto, na tope nalo hutuama humo.

Basi nani amlipe nani? Serikali ya Wajerumani ilitenga misitu ya hifadhi ya Uluguru mwaka 1909. Nje ya mpaka huo waishi Waluguru, walimao mteremko kwa kuwa ndiyo ardhi waliyo nayo. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Jasho lilikuwa lao, na mavuno hayakuongezeka: udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa, ule mbaya ukaja juu. Mwaka 1955 watu walikataa, pakatokea ghasia, na mpango ukaachwa. Wako waliowaita wakaidi. Sisi twaona walijua hesabu.

Nusu karne baadaye ilijaribiwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango uliofika Kibungo Juu, ambapo mkulima aliyekubali kutengeneza ngazi na kupanda miti alilipwa, na shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa walipaji. Malipo hayakuwa makubwa, tena mpango wa wafadhili una mwisho wake. Lakini safari hii aliyeombwa jasho alipewa ujira. Mji wa New York, Marekani, ulifanya hivyo kwa upana zaidi: mwaka 1997 ulikubali kugharimia utunzaji wa milima ya Catskill na mashamba yake, badala ya kujenga mtambo wa kuchuja uliokadiriwa kugharimu mabilioni ya dola. Mpango ule wadumu hadi leo, kwa sababu fedha zake hutoka kwa watumiaji wa maji wenyewe.

Kwa mazungumzo ya vikundi: kila nyumba ihesabu ilitumia shilingi ngapi kununua maji wakati wa mgao uliopita. Kisha tuulizane: ni sehemu gani ya fedha hiyo tungekubali iongezwe katika ankara, na ipitie mikono ya nani hata imfikie mkulima wa Kibungo Juu?