Somo la Kinga: Kufika Mbio Bila Kuchoka

Wengi wetu tunatoka mbali kwa kinga. Mwenye kufika amechoka, saa ya hesabu analala. Nguvu zinapotelea wapi? Tuangalie pamoja.

1. Mupira. Wenye pumzi kidogo unakula nguvu. Kwa njia ngumu tupompe sawasawa. Kwa mchanga tupunguze kidogo, usizame.

2. Mnyororo. Tupanguze mchanga kwanza, kisha tutie mafuta kidogo. Mafuta mingi yanashika mchanga, na mchanga unakula meno.

3. Kiti. Kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unyooke. Kiti cha chini sana kinaumiza magoti.

4. Meno. Mbele 44, nyuma 22: pedali ikizunguka mara 1, gurudumu linazunguka mara 2. Gurudumu la 28 linakwenda karibu mita 2.2 kila mzunguko. Basi ni mita 4.4. Mizunguko 60 kwa dakika inatupa karibu kilometa 16 kwa saa.

5. Upepo. Mwendo ukiwa mara 2, upepo unatuzuia mara 4. Kwa hiyo tusishindane njiani, tutoke mapema.

Na freni, ndugu, tusizitoe kwa kutafuta mbio. Heri kuchelewa kuliko kuvunjika mguu mbele ya mtihani.