Nguzo Haisimami Yenyewe: Vyombo vya Haki za Wanawake na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), Penina Muhando anatupeleka katika kijiji cha Patata ambako wanawake wametakiwa kuisimamisha nguzo ya ukombozi wao. Nguzo ipo na mikono ipo, lakini nguzo haisimami. Mmoja ana mume mlevi anayemnyang'anya pesa zake, mwingine amefiwa na mume, na jamaa za marehemu wanaikodolea macho mali, wengine wanasengenyana. Tamthilia inafika tamati nguzo ikiwa chini.

Makala haya yanakusudia kuitumia taswira hiyo kuchunguza vyombo vinavyotetea haki za wanawake duniani. Hoja yetu ni kwamba nguzo nyingi zimekwisha kuchongwa. Kinachohitajika ni mikono ya kuzisimamisha, na mikono haiwezi kushirikiana pasipo lugha inayoeleweka na wote.

Nguzo zilivyochongwa

Umoja wa Mataifa uliunda Kamisheni ya Hali ya Wanawake mwaka wa 1946. Baadaye ikaitishwa mikutano minne ya dunia: Mexico City (1975), Copenhagen (1980), Nairobi (1985) na Beijing (1995). Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu, na Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing alikuwa Mtanzania, Bi Gertrude Mongella.

Chombo kikuu cha kisheria ni Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1979. Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1984. Utekelezaji wake husimamiwa na kamati ya wataalamu 23. Itifaki yake ya hiari ya mwaka wa 1999 humruhusu mwanamke kuipelekea kamati hiyo malalamiko, mradi nchi yake imeiridhia na amekwisha kupitia mahakama za nyumbani. Barani mwetu ipo Itifaki ya Maputo ya mwaka wa 2003, ambayo Kenya iliiridhia mwaka wa 2010.

Kando ya vyombo hivyo vya kiserikali kuna mashirika ya wanawake wenyewe. Katika kanda yetu tunaweza kutaja FIDA-Kenya (1985), chama cha mawakili wanawake. TAMWA (1987), chama cha wanahabari wanawake Tanzania. Na FEMNET (1988), mtandao wa Afrika wenye makao yake Nairobi. Vilevile ipo FAWE (1992), inayopigania elimu ya wasichana barani. Inafurahisha kukumbuka kwamba FAWE iliwahi kuongozwa na Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando wa Nguzo Mama. Aliyeiandika nguzo akaja kutia mkono kuinyanyua.

Kesi ya wajane wawili

Je, vyombo hivi vina faida gani kwa mwanamke wa kawaida? Tuchukue kesi ya wajane wawili wa Shinyanga, Tanzania. Waume zao walipofariki, jamaa za marehemu waliwatoa katika nyumba zao. Sheria ya mila, iliyoandikwa rasmi mwaka wa 1963, ilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Wakisaidiwa na mawakili wa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka wa 2006 mahakama hiyo ilikiri kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi, ila ikakataa kuibatilisha. Walikata rufaa, na mwaka wa 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika hati. Hapo ndipo walipoifikia kamati ya Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Machi 2015 ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, kwamba wanastahili fidia, na kwamba sheria hizo za mila zirekebishwe.

Ni bayana kwamba mkataba peke yake haukuwafaa kitu. Ulifaa pale wajane wenyewe, mawakili wao na shirika lao walipounganisha mikono. Hilo ndilo lililowashinda wanawake wa Patata.

Suala la lugha

Matini rasmi za Mkataba wa 1979 ziko katika lugha sita. Za Itifaki ya Maputo ziko katika nne. Kiswahili hakimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Basi mwanakijiji wetu huzipata haki zake kupitia kwa mfasiri, na mfasiri akiteleza, haki nayo huteleza.

Tutazame kifungu cha 21 cha Itifaki ya Maputo. Kuhusu wana na mabinti, kinasema warithi mali ya wazazi wao kwa mafungu yaliyo sawa. Kuhusu mjane, hakisemi fungu sawa. Kinasema fungu la haki katika mali ya mumewe, pamoja na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Mfasiri anayeandika "sawa" mahali pote pawili atakuwa amemwahidi mjane jambo ambalo matini haikusema. Anayeandika "fungu fulani" atakuwa amempunja. Tofauti hiyo ya neno moja yaweza kuwa ekari moja ya shamba.

Niliwahi kuketi katika baraza la akina mama kijijini, afisa wa shirika moja akigawa vijitabu vya haki za urithi. Vilikuwa vya Kiingereza. Akina mama walivipokea kwa shukrani. Wiki iliyofuata nikavikuta sokoni, vikifungiwa njugu. Sikuwalaumu waliovichana. Nililojiuliza ni kwa nini sisi tunaosomea Kiswahili hatukuwa tumeitwa, na kwa nini hatukuwa tumejitolea.

Hitimisho

Tumeona kwamba nguzo zipo, na kwamba zikishikwa kwa pamoja huweza kunyanyuka. Uhakiki wa nafasi ya mwanamke katika fasihi yetu ni kazi njema, lakini usiishie katika tasnifu za maktabani. Mwanachama anayeweza kuchambua usemi wa mhusika anaweza pia kumfasiria shangazi yake kifungu cha sheria bila kukipotosha.

Maswali ya mjadala

1. Kwa maoni yako, ni kikwazo kipi kikubwa zaidi kwa wanawake wa Patata: waume zao, au kutoelewana kwao wenyewe?
2. Fafanua tofauti kati ya "fungu sawa" na "fungu la haki" kwa lugha ambayo mwanakijiji ataielewa.
3. Je, mahakama ina mamlaka ya kubadilisha mila, au kazi hiyo ni ya jamii? Jadili ukirejelea kesi ya wajane wawili.